Tiyo ya esansi ina umri wake: tusingoje ivuje



Ukurasa huu umezoea kuwaletea habari za kofia ngumu, viatu vya usalama, vumbi la mwamba na malaria. Leo nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo, kisichozidi unene wa kidole, ambacho wengi wetu tunalala nacho mita chache kutoka chumba cha watoto. Ni tiyo ya esansi, lile bomba la mpira linalotoa esansi katika tanki na kuipeleka kwenye injini ya motokari, ya pikipiki au ya gurupu ya umeme.

Maoni yangu ni haya. Tiyo ya esansi haingojwi ivuje. Ina umri wake, kama dawa ilivyo na tarehe yake ya mwisho. Umri ukitimia, tiyo hubadilishwa, hata ikiwa kwa macho inaonekana nzima. Na naona kwamba kanuni hiyo, ambayo kazini tunaifuata kila siku, haina budi kuvuka geti la mgodi na kuingia katika kambi na katika siteti.

Najua kuna mtu atakayeniuliza: “Munganga, wewe na motokari ni wapi na wapi? Kazi yako ni sindano na vidonge.” Namjibu hivi: fundi huiona tiyo, mimi huiona ngozi. Tiyo ikimshinda fundi, mgonjwa huletwa kwangu.

MOTOKARI YA MZEE

Nitawapa mfano mmoja, na katika mfano huo mwenye kosa ni mimi. Ningependa kuuficha, lakini mwalimu anayeficha kosa lake hafundishi kitu.

Hapa Kamina ni mji wa reli. Njia ya kutoka Lubumbashi hufika hapa, kisha moja huelekea Ilebo na nyingine Kabalo. Kwa hiyo wazee wastaafu wa reli ni wengi, na mmoja wao ni jirani yangu. Mzee huyo alikuwa na motokari ambayo kila mtoto wa mtaa aliijua: Volkswagen Karmann Ghia, motokari ndogo ya michezo, milango miwili, mgongo wa mviringo, injini nyuma. Aina hiyo ilitengenezwa katika kiwanda cha Karmann, mjini Osnabrück, Ujerumani, kuanzia mwaka 1955 hadi 1974. Maana yake ni kwamba hata ile ya mwisho kabisa kutoka kiwandani imekwisha kupita miaka 50.

Mzee aliipenda kama mtu anavyopenda kifungua mimba wake. Kila Jumapili baada ya misa aliipangusa kwa kitambaa laini. Rangi ilikuwa mpya, viti vilishonwa upya, vyuma viling'aa. Lakini chini ya kapo ya nyuma, tiyo za esansi zilikuwa zile zile za zamani, zimefunikwa kwa uzi wa pamba uliokuwa mweusi kwa mafuta na vumbi.

Siku moja aliona unyevu kwenye tiyo moja. Akaja mlangoni kwangu jioni, akaniambia: “Munganga mwanangu, wewe una zile tiyo za serumu, safi, zinaonyesha ndani. Nipe moja tu, nimalize shida hii.” Nami nilimheshimu mzee. Nilichukua tiyo ya serumu iliyokuwa imepita tarehe, nikampa. Akaikata, akaivalisha, akawasha motokari, na sote wawili tukafurahi kuona esansi ikipita ndani yake kama maji katika chupa. “Wafwako,” akaniambia. Nami nikajiona mtu mwema.

Baada ya miezi kadhaa, katikati ya kiangazi, mzee alirudi kutoka sokoni. Alizima injini, akashusha vitu vyake, kisha akakumbuka kitu na kuwasha tena. Tiyo yangu ilikuwa imekwisha kuwa ngumu kama bua kavu, na imepasuka karibu na pompi. Esansi ilikuwa ikidondoka juu ya injini yenye moto. Kwenye injini hiyo pompi ya esansi imekaa jirani kabisa na kile chombo kinachogawa cheche za umeme kwa bujia. Moto ukashika mara moja. Mzee alifungua kapo kwa mikono yake, na moto ukamrukia. Mjukuu wake alikimbia na ndoo ya maji, akamwaga, na moto ukaelea juu ya maji mpaka miguuni pake.

Wote wawili wako hai, tunamshukuru Mungu. Mjukuu alipona baada ya wiki kadhaa. Mzee alichomeka mikono yote miwili mpaka juu ya viganja, na hadi leo vidole viwili vya mkono wa kuume havikunji. Nusu ya nyuma ya motokari ilikwisha. Nami ndiye niliyemfunga bandeji kila asubuhi, nikijua tiyo ile ilitoka wapi.

KWA NINI TIYO HUZEEKA

Ulaini wa tiyo ya serumu si wa plastiki yenyewe. Kiwandani plastiki huchanganywa na kitu kama mafuta ili iwe laini na iweze kupindwa. Serumu ni maji, chumvi na sukari, haiwezi kuuondoa ulaini huo haraka. Esansi huuosha na kuutoa. Kinachobaki ni plastiki kavu, inayonyauka na kupasuka penye pindo. Ndivyo ilivyo pia kwa zile tiyo nyeupe za maji zinazouzwa kwa mita sokoni, ambazo vijana wa teksi-moto huzifunga kwenye pikipiki zao. Mimi sitoi tena tiyo ya dispanseri kwa mtu yeyote, hata akiwa ndugu yangu wa tumbo moja. Tiyo iliyotumika ina pia damu na vijidudu. Mahali pake ni katika tanuru la takataka za lopitali.

Mpira wa kweli wa esansi nao hauishi milele. Joto la injini huukausha, hewa huula, mtikiso huuchosha, esansi huuvimbisha kisha huuacha unyauke unapokauka. Motokari inayokaa miezi bila kutembea huumia zaidi kuliko ile inayotembea kila siku, kwa sababu tiyo hukauka ndani. Hilo ndilo tatizo la motokari za kupendwa. Hutolewa kwa arusi na sikukuu tu, na mwenyewe hudhani kwamba kutozitumia ni kuzitunza.

Kuna jambo jingine ambalo wazee wetu hawakulijua. Esansi ya leo si ile ya mwaka 1965. Zamani iliwekwa risasi ndani yake, ile metali yenye sumu. Nchi zetu za kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwaka 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha kuiuza mwaka 2021. Hilo ni jambo jema sana kwa akili za watoto wetu. Lakini mchanganyiko ulibadilika, na katika nchi nyingi huongezwa pombe inayotokana na miwa au mahindi. Uingereza ilianza mwaka 2021 kuuza esansi ya kawaida yenye pombe mpaka sehemu 10 kwa 100. Mpira wa zamani haukutengenezwa kwa vinywaji hivyo vipya. Mtu akinunua motokari ya kale, hata kutoka ng'ambo na ikiwa imetunzwa vizuri, ahesabu tiyo zake zote kuwa zimekwisha kufa.

MAZOEA YA MAZUTI YANATUDANGANYA

Sisi watu wa mgodi tumezoea mazuti. Lori zetu, mashine za kuchimba na gurupu kubwa hutumia mazuti. Mazuti yakimwagika chini, tunatupa mchanga, tunafagia, kazi inaendelea. Yakiwa baridi hayashiki moto kwa urahisi, maana huanza kutoa mvuke wa kutosha kuwaka yakifikia joto la nyuzi 55 hivi. Esansi hutoa mvuke huo hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, baridi ambayo Kamina haijapata kuiona. Basi hapa kwetu, saa yoyote ya mchana au ya usiku, esansi iliyo wazi iko tayari kuwaka.

Tena mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu na kupotea. Hutambaa chini kama ukungu wa asubuhi, hupita chini ya mlango, hufika kwenye mbabula ambapo mama anapika bukari, na moto hurudi ulikotoka. Mtu husema, “Moto umetoka wapi? Mimi nilikuwa mbali.” Hapana, baba. Moto ulifuata njia uliyoufungulia.

Wengi wetu tunakumbuka habari za Sange, katika Kivu ya Kusini, tarehe 2 Julai 2010. Lori la esansi lilipinduka, esansi ikamwagika kijijini, na zaidi ya watu 200 walikufa. Hiyo ilikuwa esansi ya lori zima. Lakini tabia yake ni ile ile katika kikombe kimoja chini ya motokari yako.

KAZINI TUNAJUA, NYUMBANI TUNASAHAU

Hapa ndipo ninapotaka kubishana nanyi kidogo, wapenzi wasomaji.

Mgodini, tiyo za mazuti na za mafuta ya presha hukaguliwa kabla ya zamu. Mashine ikifikisha saa zake, tiyo hutolewa na kutupwa hata kama haijavuja tone moja. Hakuna dereva anayelia kwamba ni hasara. Kila mtu anajua kwamba tiyo ikipasuka karibu na chuma chenye moto, mashine na dereva wako hatarini. Mfanyakazi yule yule akifika nyumbani, anafunga tiyo ya pikipiki yake kwa kipande cha mpira wa kinga, anakaza kwa waya, na kusema, “Itafika.” Je, nyumbani moto una huruma zaidi? Kazini ana viatu, ovaroli, chombo cha kuzimia moto na wenzake kumi. Nyumbani ana kandambili na watoto watano.

Wengine wananiambia: tiyo ni ghali. Ni kweli, tiyo nzuri ina bei kuliko ile ya maji. Lakini motokari nzima haihitaji zaidi ya mita chache. Mzee jirani yangu alitumia fedha nyingi kwa rangi. Bei ya kopo moja la rangi ile ingelitosha tiyo zote na kolye zake. Tusipake poda usoni huku moyo unaumwa.

Wengine husema: motokari za zamani zilijengwa kwa nguvu. Ni kweli pia. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari kule Afrika Mashariki mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Datsun 240Z, motokari ya michezo hasa, ilishinda mwaka 1971 na 1973. Vyuma vyake vilikuwa imara. Lakini tiyo si chuma. Tangu mwaka 2003 motokari za umri ule hukimbia tena katika mashindano ya Safari ya motokari za kale, na kabla ya kuanza kila moja hukaguliwa. Wenye motokari hizo wanajivunia ukale wa umbo lake. Hakuna anayejivunia tiyo ya mwaka 1971.

Tena wapo wapenzi wa ukale wanaotaka kila kitu kibaki kama kilivyotoka kiwandani, pamoja na tiyo zenye uzi wa pamba nje. Nawaelewa. Lakini uzi huo huficha nyufa za mpira. Tiyo inaweza kuwa imeoza ndani, na nje inapendeza kama kamba mpya. Anayeupenda uzi wa pamba anunue tiyo mpya ya namna hiyo, na aibadilishe mapema kuliko wengine.

Mwisho kuna vijana wa mgodi wanaosema: “Sisi ni watu wa shaba. Kwa nini tuhangaike na mpira? Tuweke bomba la shaba, yaishe.” Shaba ni fahari yetu, lakini si kila kazi ni yake. Chukua waya wa shaba, uupinde mara nyingi mahali pamoja. Huwa mgumu, kisha hukatika. Bomba la shaba linalotikiswa na injini siku baada ya siku hufanya vivyo hivyo. Tena shaba huiharibu esansi ikikaa ndani yake, huifanya iwe na utomvu unaoziba karburateri. Tuiache shaba katika waya za umeme, inakotuletea mshahara.

NAMNA YA KUBADILISHA

Mimi si mekanisye. Haya niliyaandika baada ya kukaa na mafundi wa garaji, na nimeyapima kwa macho ya mtu wa afya.

1. Angalia kwanza. Injini ikiwa baridi, mchana, bila sigara. Pinda tiyo kwa vidole. Ikiwa ngumu, ikiwa na nyufa, ikinata, ikivimba, au ikiacha weusi mkononi, imekwisha. Ukisikia harufu ya esansi asubuhi karibu na motokari, usiseme ni kawaida yake. Motokari nzima hainuki.

2. Hata ukiiona nzima, uliza umri. Baadhi ya tiyo zina mwaka wa kutengenezwa ulioandikwa ubavuni. Kwa joto letu na vumbi letu, mimi nashauri tusipite miaka 5. Kama hujui umri, hesabu kwamba umepita.

3. Nunua tiyo iliyoandikwa kazi yake. Tiyo za esansi huwa na alama ubavuni. R6 na R7 ni za motokari zenye karburateri, ambako presha ni ndogo, chini ya nusu ya bar. R9 ni ya injini za injeksyoni, ambako presha mara nyingi hufika bar 3 au zaidi. Ukiweka tiyo ya karburateri kwenye injeksyoni, umetega bomu. Tiyo isiyo na maandishi yoyote, muachie muuzaji.

4. Pima tundu la ndani, si unene wa nje. Tiyo inayoingia kwa urahisi mno itatoka kwa urahisi. Inayolazimishwa itapasuka.

5. Fanya kazi nje, mahali penye hewa, mbali na mbabula, na watoto wawe mbali. Ondoa kwanza waya hasi wa batiri. Weka karibu chombo cha unga cha kuzimia moto, chenye herufi B, au ndoo mbili za mchanga mkavu.

6. Fanya tanki libaki na esansi kidogo, na uziba njia kabla ya kukata. Esansi inayotoka ipokewe katika bidoni la chuma lenye kifuniko. Usiipokee katika beseni la nyumbani wala chupa ya Fanta.

7. Badilisha kipande kimoja kimoja, usichanganye njia. Kata kwa wembe mkali, ncha iwe sawa. Usisahau vile vipande vifupi vilivyojificha: juu ya tanki, chini ya sakafu, kwenye shimo la kuingia injini. Tiyo hupasuka mara nyingi pale ambapo mkono wa fundi mvivu haukufika.

8. Weka kolye mpya zenye kingo laini, zisizoukata mpira. Kaza vya kutosha, usinyonge. Waya si kolye. Tazama pia vile vijibomba vidogo vinavyoingia katika pompi na karburateri, maana katika injini za zamani za Volkswagen hulegea na kutoka vyenyewe. Na filitiri ya plastiki usiitundike juu ya injini yenye moto.

9. Rudisha batiri, washa injini, iache dakika kadhaa huku ukitazama kila kiungo kwa tochi, si kwa kiberiti. Tazama tena kesho yake, na baada ya wiki moja.

10. Andika tarehe kwa rangi ndani ya kapo. Kumbukumbu ya mtu huvuja kuliko tiyo.

USINYONYE ESANSI KWA MDOMO

Hapo penye namba 6 ndipo wengi hunyonya esansi kwa mdomo ili itoke katika tanki. Wauzaji wa barabarani, wale tunaowaita Kadhafi, hufanya hivyo kila siku, na vijana wetu huwaiga. Kama msaidizi wa munganga nasema kwa nguvu: acheni. Esansi ikipita koo na kuingia mapafuni, hata kiasi cha kijiko kidogo, huunguza mapafu ndani. Mtu hukohoa, hupumua mbio, homa hupanda, midomo hugeuka rangi, na wengine hawarudi nyumbani. Tumieni pompi ndogo ya mkono.

Aliyemeza, asilazimishwe kutapika, maana esansi ikirudi juu ndipo inapoingia mapafuni. Asipewe maziwa wala mafuta ya mawese. Aoshe mdomo, avue nguo zilizoloa, aletwe dispanseri mara moja hata akisema anajisikia vizuri, kwa sababu hatari inaweza kujionyesha baada ya saa kadhaa. Tena msioshe mikono wala vyombo vya kazi kwa esansi. Ndani yake kuna benzeni, sumu inayojulikana kuleta saratani ya damu kwa wanaoipata muda mrefu.

Mama, esansi isikae katika chupa ya kinywaji. Mtoto hasomi harufu, anasoma umbo la chupa.

MOTO UKISHIKA

Kama uko barabarani, simama, zima injini, toa watu wote kwanza. Usifungue kapo wazi, maana hewa itaulisha moto. Ifungue kidogo tu, penyeza unga wa kuzimia, au achia motokari iungue. Usimwage maji juu ya esansi, huelea na kusambaza moto. Na katika motokari za Volkswagen za injini ya nyuma, mwili wa injini una metali iitwayo magnesi. Ikishika huwaka kwa mwanga mweupe mkali, na maji huifanya iruke zaidi. Motokari hununuliwa, mtu hanunuliwi.

Nguo zikishika moto, usikimbie. Lala chini, biringika, au ufunikwe kwa blanketi. Kisha maji safi ya baridi, si barafu, yapite juu ya kidonda kwa dakika 20. Vua pete, saa na bangili kabla ya kuvimba. Nguo iliyogandamana na ngozi usiivute. Usipake dawa ya meno, mafuta, majivu, asali wala yai. Usitumbue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi, uje kwetu. Kidonda kikizidi ukubwa wa kiganja cha mgonjwa mwenyewe, au kikiwa usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri au penye kiungo, usijaribu kukitibu nyumbani hata siku moja. Mjukuu wa mzee alipakwa dawa ya meno na majirani wenye huruma, na kazi ya kuiondoa ilimuuma kuliko moto wenyewe.

NINAYOYAOMBA

Sipendi kumaliza kwa kuwalaumu wafanyakazi peke yao. Mtu hawezi kununua tiyo nzuri ikiwa dukani hakuna isipokuwa ya bandia. Kwa hiyo naomba mambo matatu.

Kwa wakubwa wa kampuni: magasini yetu huagiza tiyo kwa ajili ya mashine. Iagize pia tiyo za esansi za kipimo kidogo na kolye zake, ziuzwe kwa wafanyakazi kwa bei ile ile ya kununulia, na zikatwe kwenye mshahara kidogo kidogo. Thamani yake ni ndogo sana mbele ya gharama ya kumsafirisha mgonjwa mmoja wa moto mpaka Lubumbashi na kumlaza huko miezi.

Kwa makapita na mafundi wa garaji: tupeni Jumamosi moja katika kila miezi mitatu, asubuhi, mfanyakazi alete pikipiki yake, motokari yake au gurupu yake, itazamwe bure. Mimi nitakuja na sanduku langu kufundisha huduma ya kwanza. Msipige faini wala kuandika jina la mtu. Anayeogopa kuaibishwa hataleta chombo chake.

Kwa mama wa kambi: ninyi ndio mnaosikia harufu kwanza. Mkiisikia, semeni, na msinyamaze mpaka iondoke. Baba akikasirika, mwambieni ni munganga aliyewatuma.

Mzee jirani yangu bado ana ile Karmann Ghia. Ameiweka chini ya mwembe, nyuma ni nyeusi, mbele bado inang'aa. Wiki iliyopita aliniita, akanionyesha mita tatu za tiyo mpya zenye maandishi ubavuni, ambazo mtoto wake alimletea kutoka Kolwezi. Injini bado hana, na vidole haviwezi kushika bisibisi. Akaniambia: “Munganga mwanangu, safari hii tiyo imetangulia kufika kabla ya motokari.” Tulicheka wote wawili, kisha tukanyamaza.

Ndugu zangu, kesho asubuhi kabla ya kuwasha, inameni mtazame. Atakayekuta tiyo yake imezeeka asione haya kunijia. Tiyo ya serumu sitampa. Nitampeleka kwa fundi.